Soda Moto Mpaka Malindi

Jumapili, 25 Agosti

Mariakani na kurudi. Nimetoka baada ya sala ya alfajiri. Makupa tupu, Kibarani malori yashapanga foleni. Soda nyeusi, chupa moja kwa kila saa. Jana nilizitikisa zikatoka gesi yote, nikachanganya na maji na chumvi kidogo. Tumbo halikunisumbua. Kilima cha Mazeras nimekipanda bila kushuka hata mara moja, na miaka hamsini na sita hii.

Hakuna aliyeniona.

Jumatatu, 26 Agosti

Kazini bandarini mpaka saa kumi, karatasi za makontena tu. Nikapita kwa Akbar kununua soda za wiki. Ana duka hapa pembeni tangu marehemu babake. Kila siku aniuliza, baridi au moto? Na jibu alijua. Moto, ile ambayo haikuingia kwenye friji. Ya baridi hunifunga tumbo barabarani. Chupa zake za kioo hataki zitoke dukani, kwa hivyo namiminia pale pale kwenye chupa zangu za baiskeli, povu lamwagika. Alalamika: "Yakhe, waniogeshea kaunta kwa sukari, sisimizi wakija nitawaelekeza kwako."

Nimecheka. Kisha nikakumbuka sijacheka tangu Julai.

Alhamisi, 29 Agosti

Niandike mara moja yaishe.

Tarehe kumi na nne Julai, Jumapili, nilirudi kutoka Mariakani saa saba mchana. Rukia alikuwa kapika pilau ya mbuzi. Mimi nilikuwa na soda tano tumboni. Sukari imenijaa mpaka kooni, hata harufu ya bizari ilinichefua. Nikasema nitakula baadaye. Ilikuwa Jumapili ya nne mfululizo. Alilibeba sinia akalimwaga lote kwenye ndoo ya taka. Akasema: "Kama soda yakushibisha, nenda kaoe soda."

Leo naona ni maneno ya kuchekesha. Siku ile sikuyaona hivyo. Nikasema nimekuacha. Mara moja tu, lakini nililisema, na mdomo ulikuwa wangu.

Miaka ishirini na sita ya ndoa. Mtoto Mungu hakutujaalia, tulikuwa sisi wawili. Hasira hasara.

Hakulia. Alivaa buibui akampigia simu nduguye Salimu, wa Malindi, aje amchukue. Ilitakiwa akae eda humu humu ndani, akakataa. Talaka ni moja, rejea ipo. Kabla eda haijesha naweza kumrudisha kwa neno tu, bila mahari mapya, bila posa. Hedhi ilishamkoma mwaka juzi, kwa hivyo eda yake ni miezi mitatu. Nimetia duara tarehe kumi na nne Oktoba kwenye kalenda iliyo juu ya meza yangu ofisini.

Muda upo tele.

Jumapili, 8 Septemba

Pancha, Mazeras. Gundi imekauka. Nimesukuma baiskeli mpaka kwa fundi, nimechelewa saa mbili nzima. Zamani nikichelewa hata nusu saa Rukia alipiga simu. Uko wapi? Umeanguka? Malori yamekukosa? Nilikuwa naudhika, namwambia waniharibia mwendo.

Leo simu haikulia. Niliitoa mfukoni mara tatu kuangalia kama imezimika. Haikuwa imezimika.

Ijumaa, 13 Septemba

Akbar amejua. Sikumwambia. Hapa Mji wa Kale vichochoro ni vyembamba, jirani akikohoa wamwambia pole ukiwa kitandani.

Alisubiri wateja watoke akaniambia: Bwana Faki, wangoja nini? Sema hapa, nimemrejea mke wangu. Mimi shahidi, Mwalimu wa msikitini nitamwita awe wa pili, dakika moja imekwisha, jioni wampigia simu. Ana haki. Si lazima niwe mbele ya Rukia.

Nikakataa. Nimesema nitakwenda mwenyewe, nataka anisikie. Hilo ni nusu ya kweli. Nusu ya pili naiandika hapa ambapo hapana wa kunicheka. Nikenda Malindi kwa basi, mtaa mzima wa Salimu utasema Faki amekuja kuomba. Nikenda kwa baiskeli nitakuwa mtu aliyepita njia, kiu imemshika, akaingia kusalimia. Ndipo nitalisema.

Kilomita mia na ishirini. Sijawahi kwenda masafa hayo kwa siku moja. Lazima nijiandae, nisije nikaanguka mlangoni kwake kama gunia. Kawia ufike.

Ni ujinga, najua. Nimeandika na sifuti.

Jumapili, 22 Septemba

Jaribio baya. Akbar alikuwa hana moto, nikachukua baridi, na uvivu ukanifanya nisiitikise sawasawa. Kufika Changamwe kiungulia, mbavu zimebana, nacheua kama ng'ombe. Nimerudi.

Nikakaa kitandani na viatu miguuni. Nikaitafuta namba ya Rukia. Ikalia mara moja nikakata. Hakupiga kurudi. Labda hakuiona. Labda aliiona.

Nyumba hii kubwa mno. Sikulijua hilo.

Jumapili, 6 Oktoba

Kilifi na kurudi! Mia na ishirini kamili, masafa yale yale. Chupa sita, moja kwa kila saa, zote moto, zote hazina gesi. Ule utamu hauzidi kwa kuwa maji ni nusu. Miguu haikutetemeka. Pale darajani Kilifi nilisimama, saa mbili na nusu asubuhi, nguvu zipo, barabara ya Malindi iko mbele yangu wazi. Nilifikiria. Ningeweza kuendelea.

Lakini sikuwa na kanzu. Sikuwa nimenyoa. Nikasema Jumapili ijayo, kama nilivyopanga, siku moja kabla ya mwisho. Nikageuza.

Nimekula wali kwa maharagwe jioni na nimelala usingizi mzuri.

Ijumaa, 11 Oktoba

Baada ya sala ya Ijumaa sikurudi ofisini, nimeomba ruhusa. Nimefungua mnyororo, nimeuosha kwa mafuta ya taa, nikautia mafuta mapya. Breki ya nyuma nimebadilisha. Mchana wote nilikuwa sebuleni, vyombo vimetandazwa juu ya gazeti, dirisha wazi, upepo unaingia. Nimekunywa soda mbili za kuweka akiba mwilini. Nilijikuta naimba.

Siku njema. Ya kwanza tangu Julai.

Jumamosi, 12 Oktoba

Kanzu nimeikunja ndani ya mfuko wa plastiki, kofia nitaitia mfukoni mwa suruali. Chupa tatu kwenye baiskeli, nitajaza Mtwapa na Kilifi. Nimenyoa. Nimesimama mbele ya kioo nikasema nimekurejea. Sauti yaja nyembamba, kama mtoto aombaye ruhusa kwenda chooni. Nikasema tena. Mara ya tano ilikuwa bora.

Akbar amekataa kupokea pesa ya soda. Ameniombea dua.

Hofu ninayo. Niandike wazi: namtaka mke wangu. Si kupikiwa, si kufuliwa. Nataka aniulize niko wapi.

Jumapili, 13 Oktoba. Malindi, nyumba ya wageni

Niandike yote.

Mpaka Kilifi sawa. Pale dukani hapakuwa na moto, baridi tu. Nilijua. Nilijua kabisa, na bado kwa pupa nikamimina nikafunga kizibo nikaondoka, nitaitikisa njiani. Jua na mashimo vikanitikisia. Kabla ya msitu wa Sokoke kizibo kilifyatuka, paa! Cha kwanza, kisha cha pili. Soda yote kwenye suruali na lami. Katika chupa ya tatu nilikuwa na mafunda mawili.

Nusu saa baadaye sukari ilikwisha mwilini. Si kuchoka, kuchoka nakujua. Ni taa kuzimwa. Baridi juani, masikio yanavuma, nilisahau nakwenda wapi. Nilishuka, nikakaa chini kando ya barabara. Nikawaza: kesho ndiyo mwisho, na mimi niko hapa. Nikalia. Mtu mzima.

Mama mmoja muuza mihogo alivuka barabara na kikombe cha chai, sukari nusu kikombe. Akaniuliza, baba, waenda wapi hali hii? Nikamwambia namfuata mke wangu. Ndiye mtu wa kwanza kumwambia kwa maneno hayo. Akasema basi kunywa, uinuke. Akanipa na muhogo wa kuchoma. Nikakaa pale saa nzima mpaka dunia ikarudi.

Nimefika kwa Salimu saa tisa. Kanzu nimevalia nyuma ya ukuta wa jirani. Kofia imelowa soda, nikaiacha mfukoni. Nikapiga hodi.

Rukia alitoka barazani, Salimu nyuma yake. Amepungua. Amevaa leso ya bluu ambayo siijui. Hatukusalimiana vizuri, maneno yalikuwa yameshanijaa kinywani, nikayatoa: Rukia, nimekurejea.

Akanitazama. Salimu akatazama chini.

Akasema: "Faki, eda yangu imekwisha Ijumaa."

Nikasema haiwezekani. Nikatoa simu nikamwonyesha. Kumi na nne Julai, kumi na nne Agosti, kumi na nne Septemba, kesho. Nilimhesabia kama ninavyowahesabia wenye makontena. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, upole tu: hiyo ni miezi ya nani?

Ya Kizungu. Ya mshahara. Eda huhesabiwa kwa mwezi wa angani, siku ishirini na tisa, siku thelathini. Mtoto wa chuo cha Kurani alijua hilo. Mimi Ramadhani naitafutia mwezi juu ya paa, Shaabani naijua, Mfunguo Tatu naijua, na eda ya mke wangu nimeitafuta kwenye kalenda ya ofisi. Siku mbili. Nimechelewa kwa siku mbili.

Kisha akaniambia hili. Ijumaa hiyo alioga mapema, akajifukiza udi, akavaa, akakaa hapo barazani tangu adhuhuri. Alimkataza Salimu asinipigie. Kila gari likisimama alikuwa akinyanyuka. Magharibi ilipoadhiniwa alikwenda kubadilisha nguo.

Ijumaa. Mimi nilikuwa naosha mnyororo. Nilikuwa naimba.

Nikamwuliza sasa tufanyeje. Akasema sasa yeye si wa kurejewa, ni wa kuposwa. Nikimtaka nitume watu, kama mtu yeyote, na yeye ataulizwa, na atajibu atakavyo. Halafu akamwambia Salimu anipe maji, akaingia ndani.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimerudi kwa basi. Baiskeli imefungwa juu. Ofisini sikwenda.

Jumapili, 20 Oktoba

Sijatoka. Wa kumtuma sina. Baba na mama washatangulia, kaka yuko Maskati, hatujazungumza miaka. Nimezunguka jina kwa jina, nikashangaa yalivyo machache. Nimeishi mtaa huu maisha yangu yote.

Jioni nikaenda dukani nikamwuliza Akbar. Nilijua atakumbusha ile dakika moja. Hakukumbusha. Akasema atakwenda na Mwalimu, Jumanne.

Jumanne, 22 Oktoba

Akbar amefunga duka. Watu wamesimama mlangoni wanaulizana nani kafa. Mwalimu alivaa joho. Wamechukua halua na kahawa, wakapanda gari ya saa moja asubuhi.

Wamerudi alasiri. Nilikuwa nimekaa juu ya ngazi ya duka tangu adhuhuri. Mwalimu alinishika bega akapita. Akbar alifungua kufuli kwanza, akawasha taa, akapanga vitu ambavyo vilikuwa vimeshapangika. Ndipo akasema.

Walipokewa vizuri. Walipewa chakula. Rukia aliulizwa nyuma ya pazia, akajibu mwenyewe, sauti kavu haina hasira. Amesema mwambieni Faki nimemsamehe, na namtakia heri. Amesema miezi ile mitatu alikuwa akingoja, na kungoja kulimwuma. Sasa hangoji. Ameshazoea.

Nikamwuliza Akbar kama alisema lingine. Hakuna.

Ameshazoea. Angekuwa na hasira ningejua pa kushika.

Ijumaa, 8 Novemba

Mvua ndogo asubuhi. Salimu alileta gari Jumatano, wamechukua kabati na cherehani yake. Nilimsaidia kubeba. Ukutani palipokuwa na kabati pamebaki rangi mbichi, ile ya zamani ambayo jua halikuifikia.

Leo msikitini, baada ya sala, mzee mmoja wa mtaa wa Kuze ambaye sijamwona tangu mwaka jana alinishika mkono. Salamu zile ndefu za kikwetu, afya, kazi, jamaa. Akafika pale pa kawaida: na nyumbani, hawajambo?

Nikamjibu: "Hawajambo, wakusalimu."

Akashukuru, akasema nami niwafikishie zake. Nikasema zitafika. Nilitembea polepole maana vichochoro vilikuwa na maji. Nikafungua mlango, nikavua viatu, nikasimama kidogo pale sebuleni. Kisha nikazifikisha.