Saruji Iliyokufunika

Shikamoo, Baba. Nakuamkia kwa mazoea. Marahaba nitajiitikia mwenyewe.

Tangu tukuzike nimekuwa mtu wa kushuku. Mtu akinipa pole mara mbili, najiuliza ya pili ni ya nini. Mama anasema huzuni imenichachusha. Huenda. Lakini nisikilize kwanza.

Msiba ulipoisha, alikuja Kaimu, yule uliyemfundisha kazi na sasa amekalia kiti chako cha mtendaji wa kijiji. Alikuja na mafundi. "Dada Nakijwa, mzee hastahili kulala kwenye udongo mtupu." Wakakujengea kaburi, wakalisakafia likang'aa, na juu wakaandika: Mtumishi Mwadilifu. Mama alilia kwa furaha. Mimi nililia pia, kisha nikajiuliza mbona hakuna aliyetuomba mchango.

Nilirudi Same kwenye cherehani yangu, roho haikutulia. Nikapanda tena mlimani. Nikifagia nyuma ya migomba, nikakuta mifuko mitupu ya saruji imesokomezwa chini ya majani makavu. Kila mmoja una mstari wa bluu.

Mstari wako, Baba. Saruji ya kujengea zahanati ilipofika ulipaka kila mfuko kwa mabaki ya rangi ya milango ya shule, ukawaambia watu, "Huyu ni mbuzi wa kijiji, lazima awe na alama." Watu walikuwa wamebeba mawe na mchanga kwenye msaragambo, kijiji kizima kikijitolea kwa pamoja, maana mzazi wa kwetu huteremka mlima wote na uchungu wake hadi Same.

Usinikasirikie. Nilikushuku wewe. Ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwako hadi siku ulipoanguka. Nikakuona ukibeba makande yako kwenye kontena kila mkutano ili usile kwa mtu, ukikataa hata soda, nikajiuliza kama yote yale yalikuwa maigizo. Iliniuma kuliko siku ya kukuzika.

Kisha nikakumbuka sikio. Hukuruhusu mfuko utoke stoo kabla hujaukata kona moja kwa kisu chako, kama wafugaji wanavyomkata mbuzi sikio, ili aliyeubeba ajulikane amepewa. Fundi mkuu alinuna, ukamwacha anune. Nikaigeuza ile mifuko. Mafundi walikuwa wameipasua tumboni kwa koleo, kona zote nzima. Haikutoka mikononi mwako. Ilitoka wewe umeshalala. Jamani Baba, nilivyolia!

Sasa nadhani namwelewa Kaimu. Sidhani ni mifuko hii tu iliyoondoka. Siku saruji itakapoulizwa, atanyoosha kidole kaburini: si hii hapa, mzee ndiye aliyeila. Ananipigia simu kuuliza kama naendelea vizuri. Hakuwahi kuniuliza hivyo ulipokuwa hai. Gulioni Myamba wanawake wananyamaza nikifika. Sijui wananihurumia au wanatusema.

Baba mdogo ananiambia, "Funika kombe mwanaharamu apite." Anaogopa nikifungua mdomo, mwizi utaonekana wewe, na sisi tuliofaidi. Nami naogopa hivyo hivyo. Wangapi wataangalia kona ya mfuko? Lakini sakafu ya chumba cha kujifungulia imeishia katikati, na iliyobaki umefunikwa nayo wewe. Uliyekataa soda!

Jumapili kuna msaragambo. Nitapeleka mifuko mbele ya watu wote, na Kaimu akiwepo, niwaonyeshe rangi, niwaonyeshe kona. Wapo waliokuwa wakikuona na kisu chako mlangoni pale stoo. Wasiponiamini, basi. Kisha nitarudi nyumbani kukuvua. Wewe mwenyewe ulikuwa ukisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na Mama akikukemea kwa kusema hivyo mbele ya wageni.

Mama nimemwambia. Aliingia ndani, nikajua nimemkosea. Akatoka na nyundo yako.

Kwaheri, Baba. Nakuahidi udongo wako mwenyewe, na jina lako bila saruji ya mtu. Ukisikia vishindo juu yako Jumapili, usishtuke. Ni sisi wa nyumbani.