Kijani = Imeshika

Jumatatu, 3 Machi

Bohari ya chanjo. Nimefunga vidude vitano vya kupima joto kwenye friji tano, na ruta moja. Kila dakika kumi kidude kinasoma joto, kinairushia ruta, ruta inapeleka makao makuu kwa waya wa intaneti. Joto likipanda, simu ya zamu inalia. Mtandao ukikatika, kidude kinajiwekea akiba ya vipimo, kikiupata tena kinamwaga vyote.

Mtunza bohari ni shangazi yangu, mdogo wake baba. Kasoma boksi: wifi. Akasema mawifi anao watatu, wanamtosha!

Kuta mbili, mlango wa chuma. Ruta ina masafa mawili: ya haraka, yanaishia ukutani, ya polepole, yanapenya. Vidude vinajua ya polepole tu. Nimeyapa jina lake peke yake visibabaike.

Taa ya kidude ikiwa nyekundu, hakuna mtandao. Kijani, upo. Nimemwandikia stika kwa kalamu nene, nikaibandika ukutani: KIJANI = IMESHIKA.

Alhamisi, 6 Machi

Kidude cha tano kinasuasua. Kiko nyuma ya ule mlango. Nimeipandisha ruta juu ya kabati — kijani! Shangazi kapiga vigelegele peke yake.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepita kuchukua ngazi yangu niliyoiacha bohari. Daftari la joto, lile la kujaza asubuhi na jioni, halipo kwenye msumari wake. Shangazi anasema limeenda likizo, siku hizi anatazama taa. Nikacheka. Nilikuwa na haraka.

Jumatatu, 17 Machi

Friji ya tano imekufa. Chupa vuguvugu, chanjo yote ya humo ni ya kutupa. Taa ya kidude — kijani.

Nimekagua. Kidude kimeipata ruta, sawasawa. Ila ruta yenyewe haikuwa na pa kupeleka: wachimba mtaro walikata waya wa intaneti huko nje, Ijumaa jioni. Kidude hakijui hayo. Kinaiona ruta, basi, kinawaka kijani. Simu ya zamu haikulia.

Shangazi alipita Jumamosi na Jumapili, akatazama taa, akaenda zake. Ananiuliza, si nilisema imeshika? Nikamwuliza nini imeshika. Akanishangaa. Baridi, mwanangu! Kwenye friji nini kingine kinashika?

Kwa mtandao ningeandika UMESHIKA. Baridi ndiyo IMESHIKA. Herufi moja, na mwandiko ni wangu. Naona aibu.

Jumanne, 18 Machi

Meneja anataka ripoti Alhamisi, mbele ya kamati. Kwake chanzo kiko wazi: mtunza bohari aliacha kusoma joto. Si uongo. Shangazi amebakiza miezi minne astaafu. Akifukuzwa sasa, miaka yote ile imekwenda na maji.

Stika hakuna aliyeitaja. Meneja kapiga picha za friji na taa. Ukuta haumo.

Nimewaza kuibandua. Nakiri.

Jumatano, 19 Machi

Waya umeungwa saa nne asubuhi. Vidude vikaanza kumwaga akiba. Cha tano hakikuficha kitu. Jumamosi alfajiri, nyuzi nne. Saa sita mchana, tisa. Jumapili saa nne, shangazi alipopita: ishirini na mbili.

Nikainua macho. Ukuta mtupu. Alama za gundi tu, kwenye kona nne.

Nikamwuliza stika iko wapi. Alikuwa anafuta friji, hakugeuka. Stika gani? Ile niliyoandika mimi, shangazi. Akasema yeye mizigo ameshafunga, mimi ndiyo kwanza naanza safari. Nijaze ripoti niende nyumbani nikale.

Kona ya karatasi inachungulia kwenye mfuko wa koti lake. Kalamu nene. Naona K, naona I.

Nampenda na ananiudhi, kwa pamoja.

Ripoti iko mezani, shajara hii juu yake. Tarehe nimejaza. Namba ya friji, vipimo, kukatika kwa waya, vyote. Umebaki mstari mmoja, wa chanzo.

Shangazi amemaliza kufuta. Amechomeka friji iliyoletwa badala ya ile, akawasha kidude chake, taa imegeuka kijani. Anaita kutoka kule, kana kwamba hakuna lililotokea:

Imeshika?