Kigurudumu cha Shangazi Fatu

Jumapili, 2 Juni 1996

Mkasi ulianguka. Sauti hiyo tu. Ilikuwa Ramadhani, asubuhi, mimi jikoni nachambua ndengu, na kutoka chumba cha mbele nikasikia chuma juu ya saruji. Mara moja. Haikufuatwa na lawama wala "astaghfirullah", na hapo ndipo nilipoogopa. Shangazi Fatu hajawahi kuangusha kitu akanyamaza. Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha cherehani, anautazama mkono wake wa kulia kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

Miezi minne imepita tangu kiharusi kile. Mdomo umerudi mahali pake. Mguu unatembea. Mkono bado. Unainuka hadi kifuani, vidole vinajikunja nusu, basi. Kushona anaweza kidogo nikimsogezea kitambaa. Kukata hawezi. Na hapa Majengo, Thika, fundi si anayeshona. "Kushona hata mashine inashona," ndivyo asemavyo siku zote. Fundi ni anayekata.

Tena si nguo tu. Yeye ndiye hukata sanda za wanawake wa mtaa huu, tangu kabla sijazaliwa. Mlango unabishwa, anatawadha, anachukua mkasi.

Septemba naenda chuoni Juja. Hesabu. Watu wanasema Juja ni hapo tu. Lakini nikiwa hapo tu, nani atamkatia? Nataka nimwache akikata mwenyewe. Nimeliandika ili nisijidanganye baadaye.

Jumamosi, 8 Juni

Nimetoka Ruiru. Kikundi cha viraka cha Mwalimu Wangeci, yule aliyenifundisha sayansi kimu kabla hajastaafu. Wanakutana ukumbi wa kanisa, wanaunganisha mabaki ya viwanda vya nguo kuwa mablanketi ya viraka. Shangazi kila nikitoka ananiambia, "Nenda, lakini usirudi na jina jipya la kanisani."

Leo nimeona kitu! Mpini kama wa mswaki mnene, na kichwani wembe wa mviringo unaozunguka. Wenyewe wanakiita kigurudumu. Hakuna kufungua na kufunga vidole. Unakisukuma tu kando ya rula. Tabaka nne za pamba ziliachana kimya, kama usingizi unavyomwachia mtu asubuhi njema. Nilisimama pale mpaka chai ikapoa mkononi.

Mama mmoja mgeni aliwaachia boksi la hivyo alipokuwa anarudi kwao. Kila mwanachama ana chake, vimebaki vitatu. Nikawaeleza habari ya Shangazi. 

"Kairitu," Mwalimu akasema, ndivyo anavyotuita wasichana kwa Kikuyu, "chukua kimoja, kaa nacho wiki, rudisha, chukua kingine. Ukishachagua unafunga uzi wako kwenye mpini, na ndio basi. Hakuna kubadilisha. Makali huzoea mkono."

Mwongeli, wa Witeithie, hakuinua hata kichwa: "Haki wewe una bahati. Sisi mabwana hatukupewa hata siku mbili za kuwajaribu!"

Ukumbi mzima ulicheka. Mwalimu pia, nyuma ya leso.

Jumatatu, 10 Juni

Cha kwanza. Cha manjano, kimenyooka, chepesi.

Shangazi alikigeuza geuza. "Si hiki ni cha kukatia sambusa?"

Nilimkunjia vidole juu ya mpini, kimoja kimoja. Mpini mwembamba mno — ulimponyoka kama sabuni. Halafu kifuniko cha wembe kinasukumwa kwa kidole gumba, kila ukianza na kila ukimaliza. Gumba lake ndilo limelala kuliko vyote. Na mimi mjinga nilikata juu ya meza tupu, bila mkeka wa kukatia kama wao. Mbao ikala makali, sasa kinaruka nyuzi. Nitamwambia nini Mwalimu?

Mchana nilinyoosha mkono kuchukua pini. Kilikuwa wazi. Damu ilitoka kabla ya uchungu. Nani alikiacha wazi, mimi au yeye? Hatukuulizana. Kisu kinachotegemea kumbukumbu ya mtu si cha nyumba hii.

Nikasema, polepole, jaribu wa kushoto.

"Nimkatie mtu nguo kwa mkono wa chooni? Afadhali nikae." Kisha, kwa sauti nyingine: "Daktari amesema huu wa kulia nisipoutumia utasahau. Unataka usahau, Farhiya?"

 Sijui ninachotaka usahau na ninachotaka ukumbuke.

Jumapili, 16 Juni

Cha pili nilikileta jana. Mwalimu alitazama wembe wa kile cha manjano, akanitazama mimi, akanipa mkeka wa kijani. Huo mkeka ni muujiza mdogo — unaukata, na baada ya muda huoni ulipokatwa.

Hiki ni kikubwa. Wembe wake mpana kama kisahani cha kikombe. Mpini umejaa, unakaa kiganjani kama yai. Na Shangazi alikishika! Kwa mkono wa kulia! Nilishikilia rula, akasukuma, tabaka sita zikafunguka, labda urefu wa shibiri moja. Uso wake. Kama mtu anayesikia anaitwa kwa jina la utotoni.

Kisha kifundo kikakunjika, uzito wa kisu ukauvuta mkono pembeni. Alijaribu mara tano. Ya sita alikiweka chini mwenyewe, taratibu, kama anayemlaza mtoto.

Vilevile kufuli lake linakwama. Nati inalegea ukikata kidogo tu. Kinastarehesha lakini hakiaminiki. Kuna watu wa namna hiyo.

Niliota mashamba ya mananasi, kila mraba rangi yake, ukungu juu yake. Mtu alikuwa anapita katikati akiyatenganisha bila kuyaumiza. Nilimwona mgongo tu.

Jumatano, 19 Juni

Mama Ayub amefariki alfajiri. Nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Wanawake wa mtaa walikuja kabla ya adhuhuri, jirani yetu Bi Ruqayya mbele, na bafta nyeupe ya sanda imekunjwa chini ya kwapa. Mazoea — hata hawakufikiri. "Fatu, tumekuletea." Wakaona. Shangazi alikuwa ameuficha mkono ndani ya leso.

Alimtajia Bi Ruqayya vipimo kwa mdomo. Vipande vitano, upana, urefu, alivyokuwa mrefu marehemu. Bi Ruqayya alikata palepale sakafuni, analia, mkasi unatafuna kitambaa.

Jioni, sentensi moja tu kutoka kwa Shangazi: "Amekwenda na pindo la kupinda."

Jumamosi, 22 Juni

Cha tatu. Cha kijivu. Mpini umejipinda kama shingo ya bata, umefunikwa mpira. Hakina kifuniko cha kusukuma. Ukikibana, wembe unatoka. Ukikiachia, unarudi ndani wenyewe. Hata ukikiangusha. Hata ukisahau. Nilikibana na kukiachia njia nzima ya kutembea kutoka ukumbini hadi stendi, watu wananitazama.

Nilimwonyesha Shangazi. Mkono wa kulia haukuweza kukibana hata robo. Wembe haukuchungulia. Alijaribu kwa adabu, kama mtu anayeonja chakula cha mwenyeji, akakirudisha.

"Ni kizuri," akasema. "Mpe mwenye mikono."

Jumanne, 25 Juni

Nimeona kitu ambacho sikutakiwa kuona.

Asubuhi alikuwa kliniki, mimi nikatafuta kipande chekundu kwenye gunia la viraka. Chini kabisa, chini ya mabunda ya nyuzi — bafta. Nyeupe. Vipande saba vyembamba, vimekunjwa pamoja, vimefungwa uzi.

Nilivikunjua juu ya kitanda. Kila kimoja kinaanza sawa. Kisha katikati mstari unaiacha rula na kukimbilia nje, kushoto, kushoto zaidi. Saba. Vimekatwa na kigurudumu, pindo halina meno ya mkasi. Kile cha kijivu ndicho pekee kilichoko nyumbani, na wa kulia hauwezi kukibana.

Kwa hiyo alijaribu wa kushoto. Peke yake, nikiwa dukani au nikiwa sokoni, sijui. Yeye! Kwa bafta! Alitandika, akapiga bismillahi, akaona mstari unakimbia, mara saba, akakunja akaficha. Najua alichojiambia. Najua kama ninavyolijua jina langu. Kwamba mkono huo umekataliwa.

Nilivirudisha vilivyokuwa. Nikafunga uzi kwa fundo lilelile.

Alhamisi, 27 Juni

Baridi. Mvua ya rasharasha, haianzi wala haiishi. Shangazi analala mchana siku hizi, yeye aliyekuwa anatuamsha sisi.

Ninaviona vile vipande nikifumba macho. Kuna kitu hakiniachi. Mkono dhaifu ukikosea, makosa hutawanyika — huku, kule, kidogo, sana. Haya hayajatawanyika. Yanakubaliana. Saba yote yanapinda upande mmoja, karibu pembe ileile. Mwalimu yeyote wa hesabu angesema: usilaumu mkono, angalia chombo.

Lakini chombo kwangu kinakata sawa. Nimekijaribu mara ishirini. Wa kulia wangu.

Wa kulia wangu!

Jumamosi, 29 Juni

Ruiru. Nilifika kabla hawajapanga meza. Sikusalimia hata vizuri, nikaenda kusimama karibu na Mwongeli. Sijui kwa nini wiki zote hizi sikuwa nimeona. Mwongeli anakata kwa kushoto.

"Mbona wembe wako umekaa upande huo?"

"Sasa, unataka ukae wapi? Mimi ni wa mashoto, nimeugeuza." Akanionyesha: unafungua nati, unatoa wembe, unaurudisha upande wa pili wa mpini, uilalie rula. "Ukiuacha walivyouweka wao, mpini unaingia katikati ya wembe na rula, unaisukuma. Kinatembea kama mlevi wa Witeithie mwisho wa mwezi."

Nilicheka, nikahisi macho yananiuma.

"Nini tena? Umekosana na mtu?"

Nikauliza: na huo mkono wako wa kulia, unafanya nini? Akautazama kana kwamba ndiyo kwanza anauona. Ulikuwa umelala juu ya rula.

"Huu? Hakuna kitu. Unakaa tu, ni jiwe. Rula inataka uzito, haitaki akili."

Nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi za ukumbi. Kahawa ng'ambo ya barabara ilikuwa imelowa, inang'aa majani yote kwa pamoja. Jiwe. Mkono wa Shangazi hauwezi kushika wala kubana. Lakini kuwa mzito unaweza! Hakuna mkono mzito kama ule katika Thika nzima. Ungelala juu ya rula, ungekuwa kazini, usingesahau.

Mwalimu Wangeci alinifuata. "Umechagua?"

Nikasema cha kijivu. Akaniambia nichukue uzi wangu nifunge. Nikamwambia si wangu wa kufunga, nitakwenda nao nyumbani.  "Ĩĩ, ndiyo," akasema. "Nenda nao."

Jumapili, 30 Juni

Saa tatu asubuhi. Shangazi anaoga. Naandika jikoni, haraka.

Tangu jana nimekuwa nikibishana na nafsi yangu. Nikigeuza wembe, atajua nimeona vile vipande. Atajua kwamba kuna mtu alimwona pale alipojificha. Tena wembe ukikaa kushoto ni kama kumwambia: wa kulia haurudi. Nani mimi wa kumwambia hivyo? Ana miaka hamsini na nane, amenilea tangu nina minne. Na yale ya mkono wa chooni hakuyasema kwa mzaha. Sijasoma popote kwamba ni kosa. Lakini Shangazi hakujifunza adabu zake kwenye kitabu, amezipokea kwa mikono ya wengine, na sitaweza kumpokonya kwa hoja.

Nikimwacha hivi, basi. Ataamini kwamba Mungu alimjibu mara saba, kumbe ilikuwa upande wa wembe.

Nimeshageuza. Nililegeza nati kwa shilingi, nikautoa wembe, nikaushika kingoni kwa vidole viwili. Mwembamba, hauna uzito, uso wangu ukipita juu yake kama wingu. Nikaurudisha upande wa pili, nikakaza. Nilijaribu mwenyewe kwa mkono wangu wa kushoto usiozoea, juu ya kitambaa kibovu. Mstari ulinyooka. Karibu nilie kwa unyoofu wake.

Halafu nimetandika mkeka wa kijani mezani kwake. Bafta mpya juu yake, nimeipiga pasi. Rula upande wa kulia, pale mkono wake utakapoangukia ukichoka. Kigurudumu kushoto. Uzi mweupe nimeulaza kando, haujafungwa. Sikuacha barua. Vile vipande saba sikuvigusa.

Maji yamenyamaza. Kandambili zake kwenye korido. Amepita mlango wa jikoni, hakutazama. Kiti kimevutwa.

Nasikia wembe ukipita juu ya mkeka, mara moja. 

"Farhiya!"

Bado naandika.

"Wewe Farhiya! Nani amegusa kisu changu?"