Saraton si Joto

Jumatatu, 24 Juni
Mabango mapya yamefika zahanati ninakofanya kazi, kutoka mji mkuu. Kampeni ya taifa! SARATON — WAHI MAPEMA. Nani kaandika haya? Hapa kwetu saraton ni mwezi wa joto kali, huu tulio nao. Ugonjwa wenyewe, uvimbe unaokula mwili, tunauita rak, neno walilotuachia Warusi. Wanawake foleni nzima wamecheka: joto linawahiwaje, kwani linakimbia? Nimempigia simu mkubwa wa kampeni. Eti rak si neno letu, na sera imeshapita. Nikamkatia simu. Mpumbavu.

Jumatano, 26 Juni
Jirani yangu Oyniso, mama Shahlo, kanifunulia kifua. Titi limechimbika, linanuka. Mama yangu we! Hospitali walimwambia tangu Machi: una saraton kwenye titi. Basi akaelewa joto limemwingia. Miezi yote kalala chumba cha baridi, anajipaka mtindi. Nikamwambia: ni rak. Akanizaba kofi, kisha akanikumbatia mpaka mbavu zikauma. Anataka kwenda kupasuliwa.

Alhamisi, 27 Juni
Hamrokul, mumewe, kaja na ngumi. Jino langu liko sakafuni, sijaliokota. Kumbe alijua! Madaktari walimnong'oneza yeye neno lenyewe, rak, maana kwetu mgonjwa haambiwi. Eti nimemuua mkewe kwa mdomo wangu, na kisu cha daktari kitausambaza ugonjwa. Akaongeza teke. Namchukia. Ningekuwa na nguvu ningemvunja shingo.

Jumamosi, 29 Juni
Oyniso kakimbilia zahanati, damu puani. Nimefunga komeo, nimesukumia kabati mlangoni. Gari la hospitali liko njiani. Daktari wa kule kasema akifika leo bado kuna la kufanya. Hamrokul yuko nje na jembe, anapasua mlango. Naandika ili pabaki ushahidi.

Sasa anapiga huku analia. "Zulayho, mwambie ulikosea! Mwambie ni joto tu, dada, nakuomba." Kila neno na pigo lake. Ubao wa juu umeng'oka.

Oyniso kauliza, akitoka kumtuliza, gari litamsubiri? Nimemwambia halisubiri mtu. Nimemshika gauni — kaniponyoka. Kasogeza kabati, katia uso kwenye ufa, anasema naye taratibu:

"Baba Shahlo, harufu yangu naisikia mwenyewe. Hebu nitajie wewe ugonjwa wangu. Nitajie unachokijua."

Honi ya gari nje. Hamrokul kasimama kati ya mlango na gari. Hajataja. Wala hajaliweka jembe chini.