Taa Zilipong'aa Kupita Kiasi

Rukia mjukuu wangu, marahaba. Huku Miburani hatujambo. Babu yako mguu umepona, jana alivuka kwenda kisiwa cha Chole kumtazama dada yake.

Unauliza mbona jenereta lenu linafanya taa ziwe nyeupe mno, na mumeo anasema ndiyo nguvu yake. Hiyo siyo nguvu, umeme umezidi. Lizimeni, chomoeni friji, na fundi apime kabla hamjaliwasha tena.

Haya niliyajulia kwenye harusi yangu. Jenereta la kukodi liliwashwa baada ya magharibi, taa zikawaka kama jua, wanawake wakapiga vigelegele: "Nuru ya bi harusi hiyo!" Babu yako, bwana harusi ambaye nilikuwa sijawahi hata kuzungumza naye, akashuka jukwaani mbio na kanzu yake, akaenda kulizima. Watu wakaguna. Shangazi akasema ni mkosi. Taa moja ilikuwa imeshapasuka, lakini redio tuliyoazima kwa jirani ilisalimika.

Tukamalizia kwa taa ya karabai. Wanamcheka mpaka leo. Mchana ule niliikubali ndoa kwa kuwa baba alitaka. Pale kizani, nikaikubali mwenyewe.

Bibi yako