Mlango wa Chombo

Kasulu, Jumamosi usiku

Eti nimeiharibu tamthilia! Mimi kazi yangu ni kukaa na maiki kwenye kibanda cha video na kuwatafsiria watazamaji maneno ya wale wazungu wa angani. Leo chombo kimefunga mlango kikaondoka, nusu ya watu wakaachwa kwenye sayari inayokufa. Kibanda kizima kikanigeukia mimi.

"Dijei, umewaua wewe! Kesho ukirudia, sema wamepanda wote!"

Nikawaka. Nikawaambia mimi sidanganyi, kama hawataki wakatazame mpira. Mpaka sasa wananitukana kwenye grupu. Inakera, yaani...

Nilipokuwa nakunja nyaya, Mama Yozefina, yule muuza maharage, alikuwa bado amekaa. Alikulia kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtabila, na kambi ilipofungwa alipotezana na mdogo wake kwenye msururu wa malori ya kuwarudisha watu kwao. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hao walioachwa, watakuja kuchukuliwa?"

Nikamjibu, "Ndiyo, mama. Wiki ijayo."

Sehemu ya wiki ijayo nimeshaitazama. Haji mtu kuwachukua. Na Mama Yozefina huwa anakaa benchi la mbele.