Bosi Anakusalimia

Mwenzangu, upo? Niko nje ya kliniki ya wanyama.

Jicho la kushoto la Bosi limekwisha. Paka wangu kapofuka jicho, na mume wangu alijua!

Daktari bingwa wa macho ya wanyama kaniuliza, "Alianza lini kulifumba na kutoa machozi?" Nikasema nimeliona jana, niliporudi safarini. Mume wangu yuko hapo hapo, kainamia viatu vyake.

"Kidonda hiki ni cha siku nyingi, mama. Paka akifumba jicho hivi, aletwe siku hiyo hiyo. Mngewahi, lingepona."

Nikamgeukia mume wangu. Unajua kanijibu nini? "Nilidhani litapona lenyewe. Sikutaka kukutia wasiwasi."

Wasiwasi! Na kila jioni ananitumia picha, "Bosi anakusalimia." Nimezifungua zote sasa hivi. Zote, mwenzangu, zote Bosi kapigwa picha upande wa kulia.

Alimgeuza. Alikuwa anamgeuza kwanza, ndipo apige picha!

Sasa nazipitia picha alizonitumia za watoto wetu. Natafuta upande ambao hakunionyesha.